Mwandishi dukani, mvua mlangoni: namna ya kuandaa hafla ya kitabu Dodoma katika msimu wa mvua

Duka la vitabu la Dodoma linalotaka kumleta mwandishi akutane na wasomaji wake hukumbana na jambo ambalo halizungumzwi sana na waandaaji wa hafla: miezi ambayo wasomaji wengi wapo mjini ndiyo hiyohiyo miezi ya mvua. Vyuo hufunguliwa kuelekea mwisho wa mwaka, shule huanza muhula Januari, wabunge hukutana mwishoni mwa Januari na kuendelea Februari, na mvua za msimu nazo huanza Novemba au Desemba na kukoma mwezi wa Aprili. Mei na Juni anga huwa safi, lakini ndicho kipindi cha Bunge la bajeti, vyumba vya kulala wageni vinapanda bei, na wanafunzi wa vyuo wanaanza kuhesabu siku za mitihani. Kwa hiyo anayetaka watu atalazimika kuipokea na mvua.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye duka, msimamizi wa klabu ya wasomaji au mchapishaji mdogo ambaye hana ukumbi wa kukodi wala kikosi cha watumishi. Msimamo wake ni kwamba mvua ya Dodoma ni ya kupangiwa saa. Nyingi huanguka kwa vipindi vifupi na vizito, na kwa sehemu kubwa ya msimu huanguka saa zinazoweza kukisiwa. Ukiijua tabia hiyo, kazi iliyobaki ni ya kawaida.

Tabia ya mvua ya hapa

Dodoma iko katika ukanda wa nusu jangwa, mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa wastani hupata mvua ya milimita kati ya 500 na 700 kwa mwaka, yote katika msimu mmoja. Kiasi hicho ni kidogo, na mtu aliyezoea mvua za Bukoba au Tukuyu anaweza kukidharau. Tatizo ni kwamba hakigawanywi sawasawa. Asubuhi jua huichoma ardhi, hewa yenye unyevu hupanda, na kufikia saa nane au saa tisa mchana mawingu huwa yamekwisha kusimama kama minara upande mmoja wa anga. Kisha huja upepo. Mkazi wa Dodoma huijua mvua kwa vumbi kabla hajaiona kwa maji: barabara hugeuka nyekundu, vibao vya maduka hupigapiga, wauza matunda hukimbilia kwenye vibaraza, na ndani ya dakika chache matone makubwa huanza kuchimba vishimo kwenye mchanga. Mvua hiyo inaweza kwisha ndani ya saa moja, lakini saa hiyo inatosha kuyajaza makorongo yaliyokuwa makavu tangu Mei.

Zipo pia siku ambazo anga hufunga tangu alfajiri na manyunyu huendelea hadi jioni. Mvua ya namna hiyo haina hatari kubwa. Hupunguza idadi ya watu na kuleta matope, basi. Maandalizi mengi yanayofuata yanahusu ile mvua ya kwanza, ya upepo na radi.

Kupanga siku na saa

Ofisi za serikali hufungwa saa tisa na nusu alasiri, na kwa sababu hiyo waandaaji wengi hupenda kuziita hafla zao saa kumi jioni siku ya kazi, wakitumaini kwamba watumishi watapitia dukani wakitoka Mtumba, kwenye mji wa serikali, au mjini. Wakati wa kiangazi mpango huo ni mzuri. Wakati wa mvua huo ndio mpango mbaya kuliko yote, kwa kuwa unawaweka watu barabarani saa ileile ambayo mawingu yamekomaa, kisha unawarudisha nyumbani gizani wakati makorongo yamejaa.

Chagua Jumamosi asubuhi. Anza saa tatu na nusu, maliza saa sita mchana, na uwe umeacha saa mbili nzima kati ya mwisho wa hafla na wakati ambao dhoruba nyingi huanza. Wasabato watakuwa kanisani, na hilo ni la kujutiwa kweli, kwa sababu ukiwa na wasomaji wengi miongoni mwao itakubidi ufanye mazungumzo ya pili siku nyingine. Jumapili asubuhi utawakosa Wakristo wengine wote, na Jumapili mchana unarudi kwenye saa za mawingu. Ukilazimika kutumia siku ya kazi, chukua mapumziko ya mchana, saa sita na nusu hadi saa saba na nusu, na ufanye hafla fupi isiyo na hotuba.

Nikitaja hotuba, liko suala la mgeni rasmi. Katika jiji hili, ambalo viongozi ni wengi kuliko mahali pengine popote nchini, mwandaaji hushawishika kumwalika mheshimiwa ili hafla ipate uzito na picha. Mheshimiwa ana ratiba yake, na ratiba hiyo hubadilika. Nimewahi kukaa katika hafla ambazo wasomaji walifika saa nne, mgeni rasmi akafika saa nane kasoro, na mwandishi akapewa nafasi ya kusoma ukurasa wake wa kwanza pamoja na ngurumo ya kwanza. Kama mgeni rasmi ni wa lazima, mweleze msaidizi wake kwa barua kwamba usomaji utaanza saa iliyotajwa na kwamba yeye atapewa nafasi ya kuzungumza atakapofika. Wasaidizi wengi huelewa jambo hilo likielezwa kwa heshima mapema, na hakuna anayelielewa likielezwa mlangoni.

Zipo tarehe ambazo huleta kisingizio kizuri cha hafla. Aprili 23 ni Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1995, na kwa Dodoma huangukia wakati ambapo mvua huwa zinaaga. Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani, ambapo kwa kawaida tone huwa halianguki, ila kuna baridi ya asubuhi na upepo wa vumbi.

Kulikagua duka wakati mvua inanyesha

Ukaguzi unaofanywa siku ya jua hauna faida kubwa. Subiri mvua ya kwanza nzito ya msimu, uwe dukani, na uangalie mambo manne: maji yanaingilia wapi, maji ya mtaani yanaelekea wapi, dirisha lipi linarushia matone ndani, na sauti ya mtu inafika wapi.

Hilo la sauti ndilo husahauliwa zaidi. Maduka mengi ya mjini, kuanzia yale ya Uhindini hadi ya Majengo, yameezekwa kwa bati, na baadhi hayana dari. Mvua kubwa ikipiga juu ya bati tupu, mtu aliyekaa kiti cha tatu hawezi kumsikia aliyesimama kando ya meza ya mauzo, hata kama anapaza sauti. Fanya jaribio dogo: mpe mfanyakazi wako kitabu, asome kwa sauti ya kawaida akiwa pale mwandishi atakapoketi, nawe rudi nyuma hatua moja moja hadi maneno yanapopotea. Hapo ndipo mstari wa mwisho wa viti unapoishia mvua ikinyesha. Kama mstari huo uko karibu mno, una njia tatu: kuweka dari ya jipsamu au mbao, jambo ambalo ni gharama; kutumia spika ya betri; au kuipanga hafla kwa namna ambayo mvua ikianza hakuna anayehitaji kusikia. Njia ya tatu ni ya bure, na nitaieleza mbele.

Kuhusu maji, safisha mfereji wa bati na mtaro wa mbele ya duka kabla ya Novemba, kwa sababu kiangazi kizima huujaza mtaro mchanga, majani na chupa. Kama kizingiti cha mlango ni kifupi, andaa viroba vitano au sita vya mchanga na uvihifadhi nyuma ya duka. Rafu ya chini kabisa iinuliwe angalau sentimita 15 kutoka sakafuni, na kama haiwezi kuinuliwa, isiwekwe vitabu katika miezi hiyo. Weka humo madaftari ya bei nafuu au uiache wazi. Meza ya vitabu vya mwandishi isikae chini ya dirisha, hata kama mwanga wa hapo unapendeza kwenye picha.

Usikodi maturubai ya nje ili kuongeza nafasi. Turubai la kukodi, lenye nguzo za chuma zilizoshikiliwa na kamba na mawe, ni hatari katika upepo unaotangulia mvua, na nguzo zake ni mahali pabaya pa kusimama wakati wa radi. Duka likiwa na nafasi ya watu thelathini, alika watu thelathini. Wengine warushie mazungumzo mubashara kwa simu, kwa idhini ya mwandishi, na ununue bando la kutosha siku moja kabla.

Safari ya mwandishi

Mwandishi anayetoka Dar es Salaam sasa ana njia rahisi kuliko zamani, kwa kuwa treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma katikati ya mwaka 2024 huchukua muda wa saa tatu hadi nne hivi. Mabasi yapo siku nzima na hushusha abiria stendi kuu ya Nanenane. Ndege pia ipo, ingawa dhoruba ya alasiri inaweza kuichelewesha. Vyovyote atakavyosafiri, afike siku moja kabla. Mwandishi anayetarajiwa kushuka saa mbili asubuhi na kuanza kusoma saa tatu na nusu ni mwandishi ambaye utamsubiri huku ukiwatazama wageni wako wakitazama saa.

Mkubaliane mapema, kwa maandishi, mambo ya fedha: nauli, posho, malazi, na nani atalipia usiku wa ziada hafla ikiahirishwa kwa sababu ya mvua. Waandishi wetu wengi huona haya kuuliza jambo hilo, na wenye maduka huona haya kulitaja, na matokeo yake ni kununiana. Kama siku hizo Bunge linaendelea, shika chumba wiki kadhaa kabla, maana wanaokuja na wabunge nao wanatafuta vyumba hivyohivyo.

Kusoma utabiri na kuamua

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, yaani TMA, hutoa utabiri wa kila siku pamoja na taarifa za hali mbaya ya hewa kwa siku tano zijazo. Taarifa hizo hutumia madaraja yanayofahamika: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu. Anza kuzifuatilia siku tano kabla ya hafla, na uzisome zenyewe badala ya kutegemea zilizosambazwa na mtu kwenye kundi la WhatsApp, kwa kuwa taarifa ya mwaka uliopita huweza kusambaa kama ya leo. Angalia tarehe, na uangalie kama mkoa wa Dodoma umetajwa, kwa sababu tahadhari nyingi ni za pwani.

Amua mapema ni daraja lipi litakufanya uahirishe. Kwa maoni yangu, angalizo halitoshi kuahirisha hafla ya asubuhi iliyo ndani ya jengo imara. Tahadhari ya rangi ya chungwa inatosha kuifupisha na kuwaomba walio mbali wafuatilie kwa simu. Rangi nyekundu inaiahirisha bila mjadala. Uamuzi huo uwe wa mtu mmoja, utolewe saa kumi na mbili jioni ya siku iliyotangulia, na usibadilishwe tena isipokuwa kwa hatari iliyojitokeza. Kamati ya watu watano inayojadiliana asubuhi ya hafla itawafanya wageni nusu waje na nusu wabaki nyumbani, na hiyo ni hasara kuliko kuahirisha.

Ujumbe wa kuahirisha uwe mfupi na utumwe kwa SMS pamoja na WhatsApp, kwa sababu si kila mtu huwasha data usiku. Unaweza kuandika hivi: “Ndugu msomaji, kutokana na tahadhari kubwa ya mvua iliyotolewa na TMA kwa mkoa wetu, mazungumzo na mwandishi yaliyopangwa kesho Jumamosi saa 3:30 asubuhi yameahirishwa hadi Jumamosi ijayo, saa ileile, mahali palepale. Waliolipia kitabu watakipata siku hiyo au wanaweza kukichukua dukani kuanzia Jumatatu. Tunaomba radhi kwa usumbufu. Tafadhali mjulishe na mwenzako.” Sentensi ya mwisho ni muhimu kwa wazee wasiotumia simu janja, ambao mara nyingi ndio wanaofika wa kwanza.

Kuupanga mtiririko wa hafla

Hapa ndipo ile njia ya bure inapoingia. Shughuli zinazohitaji ukimya ziwekwe mwanzo, na shughuli zinazoweza kuendelea katika makelele ziwekwe mwisho. Mwandishi asome ndani ya nusu saa ya kwanza. Maswali na majibu yafuate. Kusaini vitabu, kununua, kupiga picha na kunywa chai vije mwisho, kwa kuwa mvua ikianza wakati huo watu watabaki dukani kwa hiari na mauzo yataongezeka. Utambulisho wa wageni, ambao kwetu huweza kumeza nusu ya asubuhi, ufupishwe na uwe wa mshereheshaji mmoja.

Katika kusaini, mpe kila mnunuzi kipande cha karatasi aandike jina analotaka liandikwe kitabuni, ili mwandishi asilazimike kuuliza mara tatu iwapo ni Mwajuma au Mwanajuma huku bati linanguruma. Kalamu ziwe za bolpeni ya kawaida yenye wino mzito wa mafuta. Kalamu nyingi za jeli na zile za wino mwepesi huandika vizuri, lakini tone moja la maji likigusa ukurasa, sahihi hugeuka doa la buluu.

Chai na maandazi viwekwe mbali na meza ya vitabu. Zaidi ya hapo sina la kuongeza kuhusu chakula.

Umeme na radi

Andaa hafla kana kwamba umeme utakatika. Chaji spika, simu na taa za akiba usiku uliotangulia, hakikisha LUKU ina uniti za kutosha ili usije ukadhani ni TANESCO kumbe ni wewe, na uwe na chenji ya fedha taslimu, kwa sababu mtandao wa malipo ya simu nao unaweza kuyumba mnara ukipoteza umeme. Mashine ya EFD ya kutolea risiti ina betri yake, lakini ikaguliwe kama inashika chaji. Jenereta, kama lipo, liwekwe nje kabisa, mbali na mlango na madirisha, kwa kuwa moshi wake una gesi yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, na mvua huwafanya watu walisogeze kwenye kibaraza na kufunga madirisha.

Kompyuta, spika na friji vichomolewe kwenye soketi mara ngurumo zinapokaribia. Kinachoharibu vifaa mara nyingi ni ule mshtuko wa umeme unapopigwa na radi au unaporudi baada ya kukatika, na kuzima swichi peke yake hakutoshi. Kwa sababu hiyohiyo mwandishi asishike maikrofoni ya waya iliyounganishwa na umeme wa ukutani wakati radi inapiga. Ile isiyo na waya, inayotumia betri, ni salama zaidi.

Umbali wa radi hupimwa kwa kuhesabu. Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo, kisha gawanya kwa tatu, nawe utapata kilomita, kwa kuwa sauti husafiri mita zipatazo 340 kwa sekunde. Sekunde 30 ni kilomita 10 hivi, na kuanzia hapo kurudi chini kila mtu awe ndani, mbali na fremu za chuma za madirisha na mageti. Asitoke mtu hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kusimama chini ya mwarobaini wa nje kungoja bodaboda ni kosa linalofanywa kila msimu.

Dhoruba ikiwakuta ndani

Upepo wa vumbi ukianza, mfanyakazi mmoja afunge madirisha ya upande unaotoka upepo, wa pili afunike meza ya vitabu kwa turubai jepesi lililokwisha kukatwa kwa kipimo cha meza hiyo, na wa tatu asimame mlangoni na ndoo ya miavuli na gunia la kufutia miguu. Mlango usifungwe kwa kufuli, kwa sababu wapita njia watataka kujikinga, na mtu aliyeingia kukwepa mvua ni mteja ambaye hukumlipia tangazo. Kama umeme umekatika na bati linapiga kelele, mshereheshaji atangaze mara moja kwamba usomaji umesimama na kusaini kumeanza, asijaribu kushindana na mvua. Watoto waliokuja na wazazi wakae katikati ya chumba.

Maji yakianza kuingia, viroba viende mlangoni na vitabu vya rafu za chini vipandishwe, vilivyo ghali kwanza. Umeme wa duka zima uzimwe kwenye swichi kuu kabla maji hayajafikia soketi au waya wa sakafuni, na anayezima asiwe amesimama kwenye maji. Ikiwa kuna mtu aliyenaswa au jengo limepata madhara, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Kuwarudisha watu nyumbani

Hatari kubwa ya siku hiyo iko njiani kuliko dukani. Kati ya katikati ya jiji na makazi ya pembeni yapo makorongo ambayo kiangazi hutumika kama njia za mkato, na watu huzoea kuyavuka bila kuyafikiria. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 30 yanaweza kuanza kuliinua gari dogo. Rangi yake nyekundu huficha mashimo yaliyochimbwa muda huohuo. Mvua inaweza kuwa imenyesha juu, upande wa vilima, na korongo likafika limejaa mahali ambapo kuna jua. Kwa hiyo usiwahimize watu watoke kwa sababu tu mbele ya duka pamekauka.

Acha duka wazi hadi wageni wote wawe wamepata usafiri. Waulize wanaelekea wapi, uwakusanye wa upande mmoja, wa Nkuhungu peke yao na wa Kisasa peke yao, na muwaitie bajaji ya kuchangia, kwa kuwa bodaboda saa hizo hupandisha bei na huteleza kwenye matope. Dereva aambiwe apite barabara ya lami hata ikiwa ndefu.

Kitabu nacho kina safari yake. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini, na mifuko mbadala ya kitambaa hupitisha maji baada ya dakika chache. Nunua bahasha za plastiki zenye kifungo, zile za kuhifadhia nyaraka zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ofisini, na uziuze pamoja na kitabu kwa bei ya kununulia. Wazazi wanaonunulia watoto unaweza kuwajalidia kitabu palepale kwa nailoni, kama tunavyojalidi vitabu vya shule, na kazi hiyo ikafanywa wakati wanangoja mvua ikatike.

Vitabu vilivyolowa

Hapa haraka ni muhimu, kwa sababu kuvu huweza kuanza kuota ndani ya saa 48. Kitabu kilicholowa pembeni tu kisimamishwe wima juu ya taulo, kurasa zikiwa zimefunguka kidogo kama feni, mbele ya hewa inayotembea. Kisianikwe juani. Jua la Dodoma hukausha upande mmoja haraka kuliko mwingine, jalada hujikunja na gundi ya mgongo hupasuka. Kilicholowa hadi ndani kisifunguliwe kwa nguvu, kwa kuwa karatasi yenye maji huchanika kama mkate. Kilaze juu ya karatasi nyeupe za kunyonya, acha maji yachuruzike, kisha kila baada ya muda ingiza karatasi nyingine kati ya kurasa chache na uibadilishe ikilowa. Usitumie gazeti, maana wino wake huhamia kwenye kitabu. Kinapokaribia kukauka, kifunge na ukilaze chini ya uzito, matofali mawili yaliyofungwa kwa kitambaa safi yanatosha, kwa siku kadhaa.

Vitabu vya picha vyenye karatasi zinazong'aa ni kesi ngumu zaidi, kwa kuwa kurasa zake zikikauka zimegusana hushikana moja kwa moja. Zitenganishwe zikiwa bado mbichi, moja baada ya nyingine. Vikiwa vingi kuliko mikono iliyopo, vifungwe kwenye nailoni na viwekwe kwenye friza hadi upate nafasi. Baridi huisimamisha kuvu, ingawa haikikaushi kitabu.

Jumatatu pitia rafu zote za chini kwa mkono. Nakala zilizopona lakini zikabaki na mawimbi ziuzwe kwa punguzo na mnunuzi aelezwe sababu, na zisirudishwe karibu na nakala mpya hadi ziwe zimekauka kabisa hata kwenye mgongo, ambako unyevu hukaa muda mrefu kuliko unavyodhani ukigusa kurasa tu. Mwandishi atumiwe hesabu ya mauzo wiki hiyohiyo, ikionyesha nakala zilizouzwa, zilizobaki na zilizoharibika, na aambiwe zilizoharibika zitalipwa na nani kwa mujibu wa yale mliyoandikiana kabla hajasafiri.